Kumwajiri Mtu Si Kumwoa

"Kenya hii ukimwajiri mtu umemwoa." Kauli hii utaisikia popote waajiri wawili wanapokutana na kikombe cha chai: kwenye vikao vya wenye viwanda, harusini, nje ya kanisa ibada ikiisha. Anayeitoa huwa na mfano tayari. Binamu yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Akamshika kijana wa mauzo akiiba, akampiga kalamu palepale. Kijana akaenda kortini, akashinda, akalipwa. Mwizi kalipwa! Wasikilizaji wanatikisa vichwa, wanaguna, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya mafuta. Hakuna anayeuliza binamu alilipishwa kwa kosa gani.

Dai lenyewe linajulikana: sheria za kazi zimemlinda mfanyakazi kupita kiasi, mwajiri amefungwa mikono, na ndiyo maana vijana hawapati ajira na wawekezaji wanatukimbia. Limerudiwa hadi likaacha kudaiwa ushahidi. Hata wafanyakazi wanaliamini, tena wale wale ambao kesho watapigiwa simu waambiwe wasije kazini. Mimi naona limekaa kichwa chini miguu juu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimkatazi mwajiri kumfuta mtu anayestahili kufutwa. Inamtaka aseme sababu, kisha asikilize jibu. Kinachowachoma waajiri wengi ni kule kuulizwa. Mikono yao haijafungwa na yeyote.

Tuanze na huyo mwizi. Kifungu cha 44 cha sheria hiyo kinaorodhesha makosa yanayomruhusu mwajiri kumfuta mtu kazi mara moja, bila notisi: kutoonekana kazini bila ruhusa, ulevi, uzembe, matusi, kukaidi amri halali. Mwishoni mwa orodha kuna kosa la jinai dhidi ya mwajiri au mali yake. Hapo sheria haisemi tu mfanyakazi aliyetenda kosa hilo. Inasema pia anayeshukiwa, mradi shaka hiyo iwe na msingi wa kutosha. Anayeshukiwa! Mwajiri hahitaji polisi wala hukumu ya hakimu. Kifungu cha 43 nacho kinasema sababu za kumwachisha mtu kazi ni yale mambo ambayo mwajiri, wakati ule, aliamini kwa dhati kuwa yapo. Nitajieni sheria nyingine nchini inayomruhusu mtu kumkatia mwenzake riziki kwa shaka na imani.

Anachodaiwa mwajiri ni kile kilichoandikwa katika kifungu cha 41. Kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili, amwite na kumweleza, kwa lugha anayoielewa, anatuhumiwa nini. Mfanyakazi ana haki ya kuja na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama anayemtaka mwenyewe. Mwajiri awasikilize wote wawili kisha aamue. Basi. Hapadaiwi wakili, hapadaiwi kiapo.

Chukua mfano wa godauni moja pale Changamwe. Magunia ya sukari yamepungua na karani wa stoo ndiye anayeshukiwa. Meneja anamwita, anaweka daftari la stoo mezani: Ijumaa jioni yalikuwa haya, Jumatatu asubuhi ni haya. Karani amekuja na dereva mmoja wa kampuni kumsindikiza. Anasema, "Bosi, Jumamosi sikuwa zamu. Funguo niliziacha kwa msimamizi. Angalia kitabu cha mlinzi getini, utaona nilitoka Ijumaa saa kumi na moja." Kitabu kinaletwa. Ama kimeandikwa hivyo ama hakikuandikwa. Ikiwa hakikuandikwa, meneja ana sababu iliyosimama na anaweza kumfuta mchana huohuo. Ikiwa kimeandikwa, kikao cha saa moja kimemwokoa meneja asimfukuze mtu mwaminifu huku mwizi akibaki na funguo za stoo. Sijui ni biashara gani inayoumia kwa kujua ukweli huo mapema.

Sasa rudi kwa binamu. Ukiuliza kwa upole utaambiwa alimfokea kijana mbele ya wateja, akamnyang'anya simu, akazuia mshahara wa siku alizokwisha kufanya kazi, akamwambia nikikuona hapa tena nitakuvunja miguu. Kifungu cha 18 kinasema hata aliyefutwa kwa kosa kubwa hulipwa alichokwisha kukitolea jasho hadi siku ile. Kijana hakulipwa kwa kuiba. Alilipwa kwa sababu mwenye duka alijifanya mlalamishi, shahidi, hakimu na askari jela katika dakika tano.

"Lakini mahakama ya leba inawapendelea wafanyakazi." Hili nalo lina wafuasi wake. Mtu anayefuata kesi hizi kwa makini ataona mambo mawili yanayolipunguza makali. La kwanza ni kipimo cha fidia. Sheria yetu imeiwekea fidia ya kufutwa kazi kusiko haki dari ya mishahara ya miezi 12. Hiyo ni dari, na jaji hutakiwa kupima mambo mengi kabla ya kuifikia, likiwemo jinsi mfanyakazi mwenyewe alivyochangia kufutwa kwake. Jirani zetu Tanzania, katika sheria yao ya mwaka 2004 kama ilivyotungwa, waliifanya miezi hiyo 12 kuwa sakafu: fidia haipungui hapo. Chukua mlinzi wa usiku wa shilingi 16,000 kwa mwezi aliyelinda jengo moja kwa miaka 20. Akishinda kesi yake kwa ushindi mkubwa kabisa, jaji akampa dari yenyewe, fidia ni shilingi 192,000, ukiacha notisi na malimbikizo mengine anayodai. Toa ada ya wakili. Toa nauli za kwenda kortini, na siku za kibarua alizopoteza akisubiri kesi itajwe, iahirishwe, itajwe tena. Huo ndio utajiri unaosemekana kuwafilisi waajiri.

La pili ni kurejeshwa kazini. Mahakama ina uwezo wa kuamuru mtu arudishwe, lakini ndani ya miaka mitatu tu tangu alipofutwa, na sheria yenyewe inataka amri hiyo itolewe katika hali za kipekee. Mashtaka nayo mtu anaruhusiwa kuyafungua ndani ya miaka mitatu. Pima kasi ya mahakama zetu uone hesabu hiyo inamwelekea nani. Mwajiri mwenye mawakili wazuri hahitaji kushinda kesi. Anahitaji kuichelewesha tu, na tiba ile kubwa kuliko zote inakufa yenyewe bila jaji kusema lolote.

Tena waajiri hushinda. Mwaka 2012 Kenya Airways ilipowapunguza wafanyakazi 447, mahakama ya chini iliamuru warudishwe, na vyombo vya habari vikaipamba habari hiyo. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikaitengua amri ile, na safari hii pambo lilikuwa dogo. Ndivyo simulizi la mahakama yenye upendeleo linavyojengwa: hukumu ya kwanza inakumbukwa, ya rufaa inasahauliwa. Halafu kuna ile karatasi ya siku ya mwisho. Mtu amefutwa, amesimama kwenye meza ya mhasibu, na hundi yake iko upande wa pili chini ya kiganja cha mtu. Kabla haijasogezwa, anasukumiwa fomu inayosema nimelipwa haki zangu zote na sina dai lolote dhidi ya kampuni. Nyumbani kodi inadaiwa. Atatia sahihi. Mahakama ya Rufaa imekwisha kuamua kwamba sahihi kama hiyo, ikiwekwa kwa hiari na kwa kuelewa, humfunga aliyeiweka. Hiari ya mtu aliyesimama mbele ya hundi yake ni mada ya siku nyingine.

Wawekezaji, basi. Hapa hoja hutolewa kwa sauti ya hofu, kana kwamba mwekezaji ni swala, jani likitikisika katoweka. Mwekezaji anayekuja kujenga kiwanda huuliza umeme unakatika mara ngapi, kontena linakaa bandarini siku ngapi, kodi itabadilika katika kila Mswada wa Fedha au la, na ofisini ataombwa kitu kidogo mara ngapi kabla faili halijasogea. Ama kuhusu sheria inayomtaka atoe sababu, nchi nyingi anazotoka zina sheria kali kuliko hii. Akifika hapa akadai kwamba kumsikiliza Mkenya kabla ya kumfuta ni mzigo usiobebeka, hilo linasema jambo kumhusu yeye, na sisi tunaolibeba na kulirudia linasema jambo kutuhusu.

Mfano tunao, na si mdogo. Nairobi kulikuwa na vijana, Wakenya na wenzao kutoka nchi nyingine za Afrika, walioajiriwa na kampuni ya Sama kuchuja yanayowekwa Facebook. Kazi yao ilikuwa kutazama kutwa yale ambayo mimi na wewe hatutakiwi kuyaona: mauaji, ukatili, watoto wakidhulumiwa. Mwanzoni mwa 2023 wakaambiwa nafasi zao zinafutwa. Zaidi ya 180 wakaenda kortini dhidi ya Sama, Meta yenye Facebook, na kampuni iliyotarajiwa kuchukua kazi hiyo. Jibu la Meta halikuanza na kama walitendewa haki au la. Lilianza na hoja kwamba mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Hoja hiyo ikapandishwa hadi Mahakama ya Rufaa, ambayo iliikataa Septemba 2024. Kwa muda wote huo kilichobishaniwa ni kama wafanyakazi hao wana pa kusemea. Hapo aliyefungwa mikono ni nani?

Wapo wanaokuja kwa njia ya falsafa. Mkataba ni wa watu wawili wazima, wanasema. Waacheni wakubaliane wenyewe, serikali inatafuta nini katikati yao? Swali zuri, ila limechelewa zaidi ya karne moja. Serikali haijawahi kukaa nje ya mkataba wa kazi katika nchi hii. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 ilimfanya mfanyakazi aliyeacha kazi bila idhini kuwa mhalifu wa kufungwa. Kisha kikaja kipande, chini ya sheria ya 1915, na mwanamume Mwafrika akakivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kumchukua, na polisi walimtafuta kama mtoro. Dola ilikuwa katikati ya mkataba ule, imekaa kwenye mapaja ya mwajiri, na sikumbuki kusoma popote kwamba waajiri wa wakati ule walilalamikia serikali kuingilia mambo ya watu wazima. Mombasa iliposimama kwa mgomo mkuu Januari 1947, bandari, reli na mahoteli, kiongozi wa wagomaji Chege Kibachia hakumaliza mwaka akiwa huru.

Uhuru ulileta vyama vyenye nguvu na, mwaka 1964, Mahakama ya Viwanda. Lakini kwa asiye na chama, Sheria ya Ajira ya 1976 iliacha jambo moja lilivyokuwa: mwajiri angeweza kumwachisha mtu bila kutaja sababu, mradi ampe notisi au mshahara wa kipindi cha notisi. Miaka 20 ya utumishi iliweza kumalizwa kwa mshahara wa mwezi mmoja, na mahakama isingempa zaidi. Hiyo ndiyo Kenya wanayoiota wanaotaka sheria ilegezwe, na hatuhitaji kuikisia, tuliishi humo. Je, miaka ya 1990, wakati mwajiri alipokuwa huru kufuta bila kueleza, ajira zilikuwa tele? Viwanda vilifurika? Mwenye umri wa kukumbuka anakumbuka viwanda vya nguo vikifungwa kimoja baada ya kingine na watumishi wa umma wakipunguzwa kwa maelfu. Uhuru wa kufuta ulikuwepo. Kazi hazikuwepo.

Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba ulinzi uliokuja 2007, na kutiwa nguvu na kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinachompa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini, ndio uliozaa vibarua, tunapewa hadithi yenye mwisho mbele na mwanzo nyuma. Vibarua walikuwepo. Sheria ilikuja kujaribu kuwafikia, na haijawafikia.

Simama saa kumi na mbili asubuhi nje ya geti la kiwanda chochote Athi River au Industrial Area. Watu wamejipanga. Msimamizi anatoka na karatasi, anaita majina, wengine anawaonyesha kwa kidole tu: wewe, wewe, wewe na koti. Waliobaki watasubiri kidogo iwapo gari la mzigo litaingia, kisha watatawanyika. Kwa sheria, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na kuchukuliwa kwa muda usiozidi saa 24 kwa mara moja. Umzungumzishe huyo mwenye koti. Atakwambia yuko hapa mwaka wa sita. Anaijua mashine kuliko fundi aliyeajiriwa juzi, na wageni wanapokuja yeye ndiye huwafundisha. Kifungu cha 37 kimemwona: kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi, au anayefanya kazi isiyotarajiwa kumalizika chini ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa wa mkataba wa mwezi, mwenye notisi na haki nyingine zote. Kwenye karatasi ameokoka.

Lakini mwenye kiwanda naye amekisoma kifungu hicho, tena kwa makini kuliko mimi. Kwa hiyo siku ya 25 au ya 26 msimamizi anasema pumzikeni kidogo, mrudi wiki ijayo. Ama watu wote wanahamishiwa kwa wakala wa kuleta wafanyakazi, ambaye ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la M-Pesa. Kuanzia leo yeye ndiye mwajiri, mashine ni zilezile na msimamizi ni yuleyule. Mahakama zimeziona hila hizi na mara nyingine zimezikataa. Sheria hata imempa kibarua silaha nzuri: mkataba wa maandishi usipotolewa, ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa. Siku hizi ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kila wiki, uliotunzwa kwenye simu, ni ushahidi ambao baba yake hakuwa nao. Lakini silaha inataka mtu aiinue. Akienda kwa afisa wa leba leo, kesho msimamizi akitoka na karatasi jina lake halimo. Sheria inasema kumfuta mtu kwa sababu amelalamika si haki. Kutomwita jina, je? Hakufutwa. Hakuitwa tu.

Hapa ndipo ulipo ugonjwa. Takriban watu wanane kati ya kila kumi walio na kazi nje ya kilimo kidogo wako katika sekta ya juakali, ambako Sheria ya Ajira hufika kama tetesi. Miongoni mwa waliobaki, wengi ni wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, wa wakala, wa kuitwa getini. Kupiga kelele kwamba ulinzi umezidi, katika nchi ambayo walio wengi hawajawahi kuuona, ni kulalamikia mafuriko jangwani.

Kuna mlalamishi mmoja ninayemsikiliza kwa heshima, naye ni mwajiri mdogo. Mama mwenye hoteli ya meza sita na wahudumu watatu hana idara ya wafanyakazi wala wakili wa mwaka. Anaweza kuwa na sababu nzuri ya kumwondoa mtu, akashindwa kesi kwa kuwa hakuandika barua ya onyo wala hakuweka kumbukumbu ya kikao. Hilo hutokea na linauma. Lakini anachokosa ni maelezo: fomu rahisi ya Kiswahili ya ukurasa mmoja, afisa wa leba wa kaunti anayepokea simu, usuluhishi wa wiki mbili badala ya kesi ya miaka. Wakubwa humtanguliza mama huyu kila wanapotaka sheria ivunjwe, kisha wanamsahau papo hapo linapotajwa suala la kuongeza maafisa wa leba. Sijawahi kusikia mwenye kiwanda akidai maafisa zaidi.

Na wewe unayesoma huku ukimlaani bosi wako, nyumbani kwako nani anaosha vyombo? Sheria ya Ajira haikumtenga mfanyakazi wa nyumbani. Ana siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara. Kama humchangii NSSF, ana haki ya malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliokufanyia kazi. Ukitaka kumwachisha, unampa notisi ya maandishi ya siku 28, au mshahara wake, na kama barua haielewi, unaketi naye na kumweleza kwa mdomo kwa lugha anayoielewa. Ukisema ameiba, unamwita, unamtajia kilichopotea, unamruhusu kuja na mwenzake ikiwa yupo, kisha unanyamaza ajibu.